Mstari Mweusi Juu ya Macho

Popote ulipo, jikoni, dukani au ndani ya basi la kurudi nyumbani, naomba unitegee sikio. Jioni hii nazungumzia uso wa mtu: uso uliopigwa picha, kisha picha ikachafuliwa kwa makusudi ili mwenye uso asijulikane. Jambo hili nimelibeba miaka mingi, na siwezi kulieleza bila kuanza na kosa nililolitenda kwa mkono wangu.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi katika chumba cha kupanga kurasa cha gazeti moja. Kompyuta zilikuwa bado hazijatufikia. Kurasa tulizipanga kwa mkasi, wembe na gundi, na picha tulizipokea zikiwa zimechapwa kwenye karatasi, bado zinanukia dawa ya chumba cha giza. Siku moja ikaletwa habari ya binti wa miaka 13 aliyetendewa unyama na mtu mzima wa mtaa wao. Habari ilikuwa ya kweli. Mwandishi alikuwa na uchungu na yule mtoto, na mpiga picha naye alifanya kazi yake kwa heshima: binti ameketi barazani, ameinamisha kichwa upande, mkono mmoja umeshika pindo la kanga. Mhariri akaitazama picha, akasema, "Mzibe macho." Nikachukua utepe mweusi, nikakata kipande cha upana wa kidole, nikakibandika. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiamini kwamba nimemkinga.

Siku ya tatu akaja mama yake mkubwa. Hakupiga kelele. Gazeti alikuwa amelikunja akalifunga kwenye pindo la kanga, kama mtu anavyofunga fedha za amana. Akalifungua mezani kwetu, akalinyoosha kwa kiganja, akatuuliza: "Wanangu, mmemziba macho yeye. Sisi wa mtaani mbona hamkutuziba?"

Sikuwa na jibu. Mhariri naye hakuwa nalo. Gazeti lilipofika mtaani, muuza duka alimjua, mwalimu alimjua, watoto wa darasa lake walimjua, na tangu asubuhi ile hakukanyaga tena shule hiyo. Jina hatukulitaja, mtaa hatukuutaja. Picha ilitosha.

Nilianza kwa kujitetea moyoni. Nilijiambia kuwa walimjua kwa ile kanga, maana kanga ina jina lake, na mtaani kila mtu anajua nani ana doti gani. Nikajiambia pengine walimjua kwa baraza ya nyumba. Lakini swali la yule mama lilikuwa halinipi usingizi, na kidogo kidogo nikaanza kutafuta watu waliolichunguza jambo hili kwa subira: mwanadamu anapomtambua mwenzake, anatambua nini hasa?

Tuanze na macho, kwa kuwa macho ndiyo tunayokimbilia kuyaziba. Mwaka 2003 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, kule Marekani, Sadr, Jarudi na Sinha, walichukua picha za watu mashuhuri 50 wakazichezea kwa kompyuta. Katika fungu moja waliyafuta macho, pakabaki ngozi tupu. Katika fungu jingine waliyaacha macho wakafuta nyusi peke yake. Halafu wakawauliza watu: huyu nani? Na huyu? Bila macho, watu waliwatambua zaidi ya nusu ya wale mashuhuri. Bila nyusi, hawakufika nusu. Kukosekana kwa nyusi kuliwapoteza watu kuliko kukosekana kwa macho yenyewe.

Malenga wa Pwani wamezisifu nyusi tangu kale, na mimi nilidhani wanasifu uzuri tu. Nyusi zimekaa juu ya mfupa, hazipotei kwenye kivuli, huonekana kwa mbali hata macho yakiwa yamebaki vidoti viwili vyeusi. Mtu akikasirika zinasogea, akishangaa zinapanda, na kila mtu ana namna yake ya kuzikunja. Sasa rudi kwenye utepe wangu wa upana wa kidole. Uliyaziba macho ya yule binti, nyusi ukaziacha nje.

Hata kama ungekuwa mpana zaidi, nina shaka kama ungesaidia. Uso hatuusomi kama mtoto anavyosoma silabi, kwanza pua, kisha mdomo, kisha kidevu. Tunaupokea wote kwa mkupuo. Mwaka 1987 huko Uingereza, Andrew Young na wenzake walikata picha za watu maarufu katikati, chini kidogo ya macho, wakaunganisha nusu ya juu ya mtu mmoja na nusu ya chini ya mwingine. Waliotazama walipata taabu kumtaja mwenye nusu ya juu, kwa sababu zile nusu mbili zilikuwa zimeshaungana zikazaa mtu wa tatu, mgeni kabisa. Lakini nusu ya chini iliposogezwa pembeni kidogo, zisilingane, papo hapo mwenye nusu ya juu akatambulika. Macho yetu hayana subira ya kungoja sehemu. Yanadaka mpangilio: umbali kati ya hiki na kile, upana wa paji, shavu linavyoteremka kuelekea taya. Na mpangilio huo hauondoki kwa kubandikwa utepe mmoja.

Sisi wa Pwani tungepaswa kulijua hili bila kuambiwa na mtu. Nani kati yetu hajawahi kumtambua dada yake sokoni akiwa ndani ya ninja, uso wote umefunikwa isipokuwa mwanya wa vidole viwili? Na wakati wa barakoa, mwaka 2020, je, ulishindwa kumjua mkeo mlangoni? Waliotupa shida ni wale tuliokutana nao mara moja au mbili. Hilo la kukutana mara moja au mbili liweke akilini, nitalirudia.

Kuna namna za kuichafua picha ambazo kweli zinatupotosha. Wenye umri wangu mtaikumbuka negativu. Ulipopigwa picha studio, mpiga picha alikupa picha zako ndani ya bahasha pamoja na kile kipande cha filamu, nawe ukakiinua kwenye mwanga wa dirisha ujitafute. Nywele nyeupe kama pamba, meno meusi, uso umepauka kama wa mzuka. Ulijua ni wewe kwa sababu bahasha ilikuwa yako. Mwaka 1970 mtafiti aitwaye Galper alionyesha kwa majaribio kile ambacho wapiga picha walikuwa wakikiona kila siku: nyuso kwenye negativu hututoka vibaya sana, ingawa kila mstari na kila kipimo kimo mle mle, hakuna kilichoongezwa wala kilichopunguzwa. Mweusi amekuwa mweupe na mweupe amekuwa mweusi, basi.

Sababu mojawapo ni jua. Tangu tumezaliwa, mwanga hutujia kutoka juu. Kwa hiyo mashimo ya macho huwa na giza kuliko paji la uso na kuliko mashavu, asubuhi na mchana, kwa mtu mweusi na kwa mtu mweupe. Akili yetu imeuzoea mpangilio huo wa mwanga na kivuli tangu utotoni, na negativu inaupindua. Mwaka 2009, Sinha yule yule na wenzake, Gilad na Meng, walifanya jambo ambalo mpaka leo linanisisimua nikilifikiria. Walichukua picha za nyuso zilizogeuzwa kuwa negativu, wakarudisha katika hali ya kawaida eneo la macho peke yake, mahali pengine pote pakabaki vile vile kama mzuka. Watu wakaanza kutambua tena, karibu sawa na picha ya kawaida.

Namna nyingine ni kuipindua picha juu chini. Hii unaweza kuijaribu usiku huu. Kama uko Tanzania, toa noti ya shilingi 1,000, yenye sura ya Mwalimu Nyerere, uishike kichwa kikiwa chini. Utamjua, kwa sababu sura hiyo umeiona maisha yako yote. Sasa chukua picha ya harusi, ipindue, utafute wakwe wa upande wa pili uliokutana nao siku ile tu. Utaona kazi yake. Robert Yin alilipima jambo hili Marekani mwaka 1969: aliwaonyesha watu picha za nyumba, za ndege na za nyuso, zikiwa wima na zikiwa zimepinduliwa. Vitu vyote vilikuwa vigumu zaidi vilipopinduliwa, lakini nyuso ziliporomoka kuliko vyote. Miaka 11 baadaye, mwaka 1980, Peter Thompson wa Chuo Kikuu cha York alichukua picha ya Margaret Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akakata macho na mdomo, akavibandika pale pale vikiwa vimepinduliwa. Ukiitazama picha hiyo juu chini, unaona mama anatabasamu. Ukiigeuza ikakaa wima, unashtuka kama umeona jini. Ni picha ile ile. Uso ukiwa juu chini, ule ufundi wetu wa kudaka mpangilio kwa mkupuo unazimika, tunabaki na sehemu moja moja, na kila sehemu peke yake haina kasoro.

Ninayaeleza haya kwa sababu inashangaza tulivyochagua. Zipo njia zinazouvuruga uso kweli kweli, na hizo hatuzitumii. Tumechagua utepe, na baada ya utepe, televisheni zilipoingia, tukachagua miraba.

Miraba hiyo unaijua. Mtoto anahojiwa, uso wake umegeuzwa vigae vikubwa vya rangi. Mwaka 1973 Leon Harmon, aliyefanya kazi katika Maabara ya Bell huko Marekani, alichapisha picha ya Rais Abraham Lincoln iliyogawanywa katika miraba michache mikubwa namna hiyo. Ukiisogelea, huoni kitu, ni vigae vya kijivu. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, au ukifinya macho kama mtu anayetazama jua, Lincoln anajitokeza na ndevu zake. Harmon na mwenzake Julesz wakaeleza kwa nini. Uso haujafutwa, bado umo ndani ya vile vigae. Kinachotusumbua ni kingo kali za miraba, ambazo zinapiga kelele juu ya picha. Finya macho, kingo zinalainika, kelele zinakwisha, uso unabaki. Mchoraji wa Hispania, Salvador Dalí, alivutiwa sana na jambo hilo, na mwaka 1976 akachora turubai kubwa ambalo kwa karibu linamwonyesha mkewe Gala akitazama bahari, na kwa umbali wa mita 20 linakuwa Lincoln.

Basi fikiria sebule zetu. Televisheni iko ukutani upande ule, watu wameketi upande huu, mwingine anaitazama kupitia dirisha la jirani. Tumewaweka watazamaji wote kwenye umbali ule ule ambao miraba inafanya kazi vibaya kabisa. Tena mtoto yule hatulii kama picha ya ukutani. Anageuka, anatikisa kichwa, anafuta machozi, na kila anaposogea, vigae vinabadilika na kutoa chembe nyingine ya siri. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Uingereza, Lander, Bruce na Hill, walipima hasa jambo hili: ukungu na miraba inayowekwa kwenye televisheni, je, inawaficha watu tunaowafahamu? Waligundua kwamba mara nyingi haiwafichi, na kwamba picha inayotembea humfichua mtu kuliko picha iliyosimama.

Mtu tunayemfahamu. Hapo ndipo penye fundo la mazungumzo haya.

Katika Chuo Kikuu cha Glasgow, mwaka 1999, Mike Burton na wenzake walitumia video ya kamera ya ulinzi, mbovu, yenye chenga, ikiwaonyesha wahadhiri wa idara yao wakipita. Wanafunzi waliofundishwa na wahadhiri hao waliwatambua karibu bila kukosea. Wanafunzi wasiowajua, walioonyeshwa video hiyo kisha wakaonyeshwa picha safi, walibabaika. Hata maofisa wa polisi wenye uzoefu wa kazi za utambuzi hawakufanya vizuri kuliko wanafunzi hao. Watafiti wakaendelea, wakaficha mwili, wakaficha mwendo, na mwisho wakaficha uso. Kuficha mwili na mwendo hakukuwasumbua sana waliowajua. Kuficha uso ndiko kulikowapoteza. Kisingizio changu cha kanga kilianguka nilipofika hapo.

Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenzake walifanya jaribio jepesi kiasi kwamba hata mtoto angelielewa. Walikusanya picha 40, za wanawake wawili maarufu wa Uholanzi, picha 20 kwa kila mmoja, zikiwa za siku tofauti, nywele tofauti, mwanga tofauti. Wakawapa Waingereza wasiowajua kabisa, wakawaambia: zipangeni, kila mtu na fungu lake, bila kuambiwa ni watu wangapi. Kwa wastani Waingereza walipanga mafungu saba na nusu. Waliona umati pale penye watu wawili. Waholanzi walipopewa picha zile zile, walipanga mafungu mawili, wakamaliza.

Ukilitafakari hilo utaona kwamba kumjua mtu na kuiona picha yake ni mambo mawili mbalimbali. Mtu wako umemwona akicheka na akilia, akiwa na usingizi, akiwa na homa, amekonda kwa msiba, amenenepa baada ya uzazi. Katika mabadiliko yote hayo umejifunza kile kisichobadilika, na hicho ndicho unachokidaka hata kwenye picha iliyoharibika. Mgeni huna chake cha namna hiyo. Una picha yake moja, na unachokikumbuka ni picha: mwanga wa siku hiyo, pembe ya kamera, mtindo wa nywele. Ndiyo maana hata wanaofanya kazi ya nyuso wanakosea. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, maofisa wa pasipoti wa Sydney, Australia, walipewa watu waliosimama mbele yao na picha za kulinganisha. Kila walipoletewa mtu mwenye picha isiyo yake, mara 14 katika kila 100 waliikubali. Miaka ya kazini haikuwasaidia: mkongwe hakumzidi aliyeajiriwa jana.

Sasa tazama tunachokifanya tunapoweka miraba juu ya uso wa mtoto. Tunamficha kwa watu wa mbali, ambao hata wangeiona picha yake safi leo, kesho wangempita njiani bila kumjua. Hatumfichi kwa jirani, kwa mwalimu, kwa shangazi, kwa yule aliyemtenda. Na ni hao ambao kesho atakutana nao kisimani, msikitini, kanisani, darasani. Aibu haimfikii mtu kutoka mji wa mbali. Inamfikia kutoka mlango wa tatu.

Kuficha uso kwa kompyuta kuna udhaifu mwingine, nao nitaugusa kwa ufupi. Mwaka 2007 shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, lilikuwa linamtafuta mtu aliyesambaza picha za uhalifu wake dhidi ya watoto, uso wake mwenyewe akiwa ameusokota kwa kompyuta mpaka ukawa kama maji yanayozunguka kwenye tundu. Wataalamu wa polisi wa Ujerumani wakaurudisha ule msokoto nyuma, uso ukatoka. Ukatangazwa dunia nzima, na siku chache baadaye mtu huyo akakamatwa Thailand. Nashukuru kwamba alikamatwa. Lakini kilichosokotwa na mashine kinaweza kusokotolewa na mashine, na mashine haiulizi kama aliyefichwa ni mhalifu au ni mtoto aliyeumizwa.

Nasi wa redio tusijione tumepona kwa kuwa hatuna picha. Tunamhoji mtu aliyedhulumiwa, sauti yake tunaishusha kwa mashine ikawa nzito kama ya pipa, tunadhani tumemaliza. Lakini namna anavyovuta pumzi kabla ya neno gumu, kikohozi chake, neno analopenda kulirudia, lafudhi ya Pemba isiyojificha, vyote vinabaki. Mama mzazi ataijua hata ikitoka ndani ya mtungi. Nimewahi kuirusha hewani sauti ya namna hiyo, na sitafanya hivyo tena mpaka maneno yasomwe na mtu mwingine.

Upande wa pili wa jambo hili unanitisha zaidi, nao uko kwenye simu iliyo mkononi mwako. Kila wiki picha huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kijana kanaswa na kamera ya ulinzi ya duka, picha ina chenga, imepigwa kutoka darini, nusu ya uso iko kwenye kivuli cha kofia. Chini yake pameandikwa: mwizi huyu, mkimwona msimwache. Na watu wa mitaa mingine kabisa, wasiomjua, wanaitazama picha hiyo kisha wanamtazama kijana aliyesimama kituo cha bodaboda, na mmoja wao anasema, "Si huyu hapa?" Msikilizaji, unajua sentensi hiyo inavyoishia katika miji yetu. Wengine wameshauawa kwa matairi na mawe kwa sababu fupi kuliko hiyo.

Nakuomba ulishike hili kwa mikono miwili. Picha mbovu ya mtu usiyemjua haikupi haki ya kusema ni fulani. Mama yake angeweza kumtambua kwenye picha hiyo, rafiki yake wa shule angeweza. Wewe huwezi, nami siwezi, na tukidhani tunaweza tunajidanganya, kwa sababu ule wepesi tunaouona tunapowatambua watu wetu tunauchukua na kuuhamishia kwa wageni. Siku hizi hata kujua kama uso ni wa mtu aliyezaliwa tunashindwa. Mwaka 2022 Nightingale na Farid walichapisha utafiti ambamo watu waliulizwa watofautishe nyuso za kweli na nyuso zilizotungwa na kompyuta. Walipatia kwa asilimia 48, yaani wangerusha shilingi juu wangepata karibu hivyo hivyo. Nyuso zilizotungwa ndizo zilizoonekana za kuaminika zaidi.

Najua wahariri wananisikiliza, na baadhi yao ni watoto wangu katika kazi hii. Sheria mnazo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na kabla ya hapo, mwaka 2009, ilikuwa na Sheria ya Mtoto. Siwakumbushi sheria. Nawaomba mbadilishe swali mnalojiuliza pale mezani. Badala ya kuuliza, "Uso umezibwa?", ulizeni, "Aliyemlea akiiona, atamjua?" Na msikae kulibahatisha jibu. Mtafuteni mtu mmoja wa karibu na mhusika, aliye upande wake na anayejua habari yote, mpeni aione picha kabla haijachapwa. Akimtaja jina, picha hiyo iwekeni kando, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Mtaniuliza, basi tuweke nini? Wekeni mlango. Wekeni njia anayopita kwenda shule, ikiwa tupu, kama njia hiyo haimtaji. Mpeni mchoraji achore mtoto ambaye si yeye. Wekeni daftari, ndala, kikombe. Au msiweke kitu, ukurasa ubaki na maneno. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba habari bila uso haiumi. Mama mkubwa wa yule binti hakuhitaji uso wa mtu yeyote kwenye gazeti ili aumie, na aliposimama mbele ya meza yetu, sisi tuliumia kwa sentensi yake moja.

Yule binti nilikuja kumfahamu. Nilikwenda kuomba radhi, nikaenda tena, na ile familia, kwa ukarimu ambao sikuustahili, ikanifungulia mlango. Alihamishiwa kwa ndugu, mji mwingine, akarudi shule. Leo ni mama wa watoto, na ruhusa ya kusimulia haya amenipa mwenyewe, kwa sharti kwamba nisitaje mji wala kazi yake. Nimebadilisha pia mambo mawili matatu katika picha niliyokueleza mwanzoni, kwa hiyo ukitafuta baraza na pindo la kanga hutampata.

Gazeti lile ninalo bado. Limegeuka rangi ya chai, na mwezi uliopita nililitoa sandukuni nikijiandaa kwa mazungumzo haya. Siku nilipoubandika ule utepe, nilimtazama yule mtoto nisione mtu ninayemjua, nikadhani kazi imekwisha. Sasa nililifungua karibu na dirisha, hata miwani sijavaa, na utepe uko pale pale nilipouweka. Nikaona kidevu alivyokivuta ndani, na mdomo wa chini alivyoukaza upande mmoja, kama anavyoukaza hadi leo ukimuuliza jambo naye anafikiri kwanza kabla ya kukujibu.